Hesabu Pedi za Mtaani Kabla ya Teraflopu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anayetaka kufungua banda la gemu alinionyesha karatasi ya hesabu zake. Juu kabisa kaandika: Xbox Series X teraflopu 12, PS5 teraflopu 10.28. Teraflopu ni kipimo cha wingi wa hesabu ambazo mashine hufanya kwa sekunde. Akapiga mstari chini ya 12. Nikamuuliza, wateja wako sasa hivi wanashika pedi gani ya kuchezea? Akajibu, "Wataizoea tu, kaka." Mwili ulinisisimka, maana neno hilohilo nililisema mimi mwaka 2018. Na huyu ni wa tatu mwaka huu! Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, nisikilizeni.

1. Mashine yenye nguvu kuliko wenzake si lazima ndiyo itakayouza. PS2 ilitoka Japani Machi 2000. GameCube ya Nintendo na Xbox ya kwanza zilifuata mwaka 2001, zote zina misuli kuizidi. GameCube iliishia kuuza mashine milioni 21.7, Xbox milioni 24 hivi, na PS2 ikapita milioni 155. Ilitangulia sokoni, ilisoma CD za PS1, na mwenye nayo hakuhitaji deki ya DVD. Watengenezaji wa gemu wakaenda kwenye wanunuzi wengi, gemu zao zikavuta wanunuzi wengine. Sisi Dodoma tuliliona jambo hilo bila kusoma takwimu zozote: fundi wa kuchipu mashine isome CD za kunakili alikuwepo, wa kubadilisha lenzi alikuwepo, CD ulizipata sokoni, na mtoto alifika bandani vidole vyake vimeshajua kazi. Hayo yote huletwa na mauzo, na huwezi kuyasoma kwenye boksi.

2. Tazameni bei pia. Mwaka 2006 PS3 ya GB 60 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 599, Wii ya Nintendo kwa dola 249. PS3 ilikuwa na prosesa ya Cell, yenye nguvu lakini iliyowasumbua hata waandishi wa programu. Wii haikuwa hata na picha za HD. Wii ikauza zaidi ya milioni 101, PS3 ikafika kama milioni 87 baada ya bei kushushwa mara kadhaa. Lakini msikimbilie upande wa pili mkadhani udhaifu ni sifa. Wii U ya 2012 nayo ilikuwa nyuma kwa nguvu, na watu wengi hawakuelewa hata kama ni mashine mpya au kifaa cha kuongezea kwenye Wii. Ikaishia milioni 13.5.

3. Sasa yangu. Mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, watumishi wanahamia kutoka Dar kila wiki, nami nikajiaminisha kwamba wageni wale watataka kitu cha juu. Wakati huo ya juu kuliko zote ilikuwa Xbox One X, teraflopu 6, na PS4 Pro ilikuwa na 4.2. Microsoft walikuwa wameshaacha kutangaza idadi ya Xbox wanazouza. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini nilikuwa naangalia namba moja tu.

Niliuza PS3 zangu mbili. Mama alikuwa ameuza alizeti zake Kongwa, akanikopesha laki sita. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na Xbox One X nimeipakata kwenye basi tangu Ubungo.

Siku ya kwanza banda lilijaa, watu wanapiga picha. Siku ya pili akaja kijana mmoja aliyekuwa bingwa wa Makole, mtu wa kucheza kwa vitufe vya mishale tangu enzi za PS2. Kidole gumba chake kikatafuta mishale pale juu kushoto ilipozoeleka, kikakuta stiki. Mishale iko chini. Alifungwa manne na mtoto ambaye yeye ndiye aliyezoea kumfunga kila siku. Aliiweka pedi taratibu, akasema, "Kaka, niwashie ile ya zamani." Ile ya zamani nilikuwa nimeshaiuza.

Baada ya hapo kila kitu kilifuata mkondo. Wenye mabanda tulikuwa tunaazimana CD, na mimi sikuwa na wa kuazimana naye. Apdeti zikanimalizia bando. Nguvu yenyewe haikuwa na pa kuonekana, maana TV yangu ilikuwa inchi 32 isiyo ya 4K. Pedi ilipoharibika, nikangoja spea kutoka Dar siku tisa. Daftari langu linaonyesha PS3 mbili zilikuwa zinaingiza elfu ishirini kwa siku. Mpya ilikuwa inaingiza elfu tano, na siku nyingine haifiki.

Mwezi wa saba nikamuuzia mtumishi mmoja kwa laki nane, nusu ya nilichonunulia. Yeye aliifurahia mno, ana TV ya 4K sebuleni na intaneti ya nyumbani. Mashine haikuwa na kosa. Kosa ni langu. Mama nilimlipa baada ya misimu miwili ya alizeti, na mmoja kati ya hiyo alilima nusu shamba kwa sababu hela ya trekta ilikuwa kwangu. Hakuwahi kunilaumu, nami hadi leo nikipita Kongwa nalikumbuka lile shamba.

4. Nguvu ina siku yake. Jirani yangu alipoweka PS4 yenye gemu ya mpira ya msimu mpya, wateja walimfuata mchana kweupe, kwa sababu tofauti waliiona kwa macho na mpangilio wa pedi ulikuwa uleule waliouzoea. Siku hiyo ndiyo ya kupanda daraja.

5. Funika mashine usiku, vumbi la Julai halina huruma.

6. Weka pedi mbili za akiba, na umeme wa Luku usishuke chini ya yuniti kumi siku ya mechi kubwa.

Wewe wa Nkuhungu, najua muuzaji anakusubiri Jumamosi. Pita kwangu Ijumaa jioni. Daftari la 2018 ninalo bado, nimeliweka juu ya meza, na ukilimaliza tutazunguka mtaani kwako wote wawili tuhesabu nani ana pedi gani.