Kwenye "Ukuti ukuti" nani hasa anatetemeka?

Swali: Mwanangu karudi nyumbani anasema mwalimu wao wa dini kawafundisha kwamba kwenye ule wimbo wa Ukuti ukuti upepo ni shetani, na "watetemeka" ni wenye dhambi wanaotetemeka kwa kuogopa hukumu. Je, Kiswahili kinakubali maana hiyo?

Jibu: Dada yangu, hapo kwenye wingi hakikubali. Imba pole pole: ukuti ukuti, wa mnazi wa mnazi, ukipata upepo, watete watete watetemeka. Hiyo wa- ya mwisho ndo imemchanganya mwalimu, kaiona kama ya "watu", kumbe ni u- ya ukuti imekutana na -a- ya wakati uliopo, u + a ikawa wa, yaani ukuti watetemeka, ambayo sisi leo tungesema tu unatetemeka. Hiyo -a- mtaani imepungua sana lakini fungua gazeti lolote utaikuta kwenye vichwa vya habari, serikali yatangaza, bei yapanda. Na wangekuwa wao, basi mstari wa juu ungekuwa "wakipata upepo", sio "ukipata". (Watete watete ni kitenzi hichohicho kimekatwa kufuata mapigo, halina maana ya peke yake.)

Ila kuna kitu kizuri hapa, nawe pia ni u-. Wewe ukipata upepo, wewe watetemeka, sarufi ni ileile haibadiliki hata herufi. Kwahiyo mwalimu akitaka kuugeuza uwe wimbo wa majaribu, lugha inampa njia, lakini njia hiyo inamleta kwake mwenyewe na kwa kila mtoto anayeimba, haiendi kwa wenye dhambi wa huko mbali. Hata upepo kuuhusisha na pepo simlaumu, maneno yale ni ndugu.

Ninapomkatalia kabisa ni kwenye dhambi. Wimbo haujasema ukuti waanguka, umesema watetemeka, na aliyekulia pwani anajua kuti bichi linapigwa na upepo usiku kucha na asubuhi bado liko juu ya mnazi, linalodondoka ni lile lililokauka, ndo maana wahenga wakasema kuti kavu kuanguka si ajabu. Kwenye Baba Yetu Wakatoliki wanasali "usitutie katika kishawishi", Waprotestanti "usitutie majaribuni", na kote kote hilo ni ombi tofauti na lile la kusamehewa makosa lililotangulia, maana kushawishiwa ni jambo moja na kutenda dhambi ni jingine. Mtoto anayeambiwa kutetemeka kwenyewe ndo dhambi anabebeshwa kosa ambalo hajalifanya, na hilo linaniuma kweli.

Mwambie mwanao ukuti ni yeye, na bado uko mnazini.