Maswali Yenu: Mnunuzi Mkubwa Naye Hulipa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marekani inaagiza kuliko inavyouza. Mbona haifilisiki kama duka langu?

JIBU: Marahaba. Wewe humlipi mwenye kiwanda kwa noti unazochapa mwenyewe. Marekani haijapata ziada ya biashara tangu 1975, lakini dola zinazotoka hurudi kununua hatifungani (hati za mkopo) za serikali yake, kwa hiyo inakopa kwa nafuu. Hiyo ni faida ya kweli. Ila sarafu inayotafutwa na dunia nzima huwa ghali, na bidhaa za viwanda vyake huwa ghali pamoja nayo. China iliingia WTO, shirika la biashara duniani, Desemba 2001, na bidhaa zake zikashindana na hizo. Ajira za viwandani Marekani, zilizopita milioni 17 mwaka 2000, zilikuwa chini ya milioni 12 mwaka 2010. Mashine zilichangia, mdororo wa 2008 pia. Hata hivyo, mfikirie fundi wa samani wa North Carolina: kabati la kutoka China limeshuka bei kwa kila mtu, lakini kazi imempotea yeye. Wanaosifia nafuu ya mlaji humsahau huyu, na mimi nakataa kumsahau.

SWALI: Ushuru wa Trump si analipa Mchina?

JIBU: Hapana. Forodhani analipa mwagizaji wa Marekani. Nimeshalijibu hili mara nyingi, someni kabla ya kuandika.

SWALI: Ni kweli soko kubwa ni fimbo?

JIBU: Kweli, na sisi imetuchapa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) waliazimia kuondoa mitumba. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru. Msisaini mkataba wowote unaotegemea hisani ya mnunuzi mmoja.

SWALI: EAC ina watu zaidi ya milioni 300. Si tayari ni soko kubwa?

JIBU: Hesabu ya vichwa si soko. Soko ni pesa inayobaki baada ya unga, kodi na nauli. Pita Kariakoo asubuhi, kwenye maduka ya jumla: chaja, mabegi, maua ya plastiki, robota kwa robota zenye maandishi ya Kichina. Kununua tunajua tayari. Mwanasiasa akikutajia hiyo milioni 300, muulize wangapi kati yao wanalipwa mshahara kiwandani.