Mlango wa Yoga Umefunguliwa Mtaa Gani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kwa nini studio za yoga za mitaani huko Marekani zimejaa Wazungu wenye kipato kizuri, na kama walio nje hawaitaki tu yoga. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Nimechoka kusikia kwamba Weusi na maskini hawana hamu nayo.

Rosa Parks, aliyekataa kumpisha Mzungu kiti katika basi la Montgomery mwaka 1955, alifanya yoga. Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha yake ya mwaka 1973 akiwa katika mazoezi hayo. Ericka Huggins wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Weusi, alianza yoga na kutafakari akiwa mahabusu, na baadaye akaongoza shule ya chama hicho mjini Oakland, ambako watoto walifundishwa kutafakari. Hamu ilikuwapo hata kabla studio hazijaota kila kona ya mitaa ya wenye nazo.

Hata hivyo pengo lipo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 17.1 ya Wazungu watu wazima walikuwa wamefanya yoga katika mwaka uliotangulia. Kwa Weusi ilikuwa asilimia 9.3, kwa Walatino asilimia 8. Ule wa mwaka 2022 uligawa watu kwa kipato, na wa ngazi ya juu wakawazidi wa ngazi ya chini kwa zaidi ya mara mbili.

Studio ni biashara, nayo hufungua mlango palipo na wateja wa kulipa. Palipo na wateja hao pana historia yake. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa liliyoiona ya hatari kwa wakopeshaji, karibu kila mtaa waliokaa Weusi ukiwemo. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi, lakini familia zilizonyimwa mikopo kwa miongo hiyo yote zilikuwa zimekwisha kukosa nyumba za kurithisha watoto wao. Ndiyo maana studio inapofunguliwa katika mtaa wa Weusi, wenyeji wengi huiona kama tangazo kwamba kodi za nyumba zinapanda na wao wako njiani kuhama. Siwalaumu.

Halafu kuna bei. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yamejiwekea cha juu zaidi. Darasa moja la dola 20 linakula karibu saa tatu za jasho la mtu wa kima hicho, kabla ya nauli na kabla ya kumlipa wa kukaa na watoto. Darasa la saa tatu na nusu asubuhi ni la nani, kama si la mtu anayejipangia saa zake? Hata kumweka mbele mwalimu anayefanana na wakazi si rahisi: kozi ya kawaida ya ualimu ni ya saa 200, na aghalabu hugharimu maelfu ya dola.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaofungiwa nje ndio wenye miili iliyochoka. Kazi yangu ni kuwahudumia wagonjwa, kuwainua na kuwageuza kitandani, kwa hiyo habari za mgongo sikuzisoma tu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu wazima 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini na wa rangi mbalimbali. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga hawakuwa nyuma ya waliopelekwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa. Kumbe daktari anaweza kumwandikia mfanya usafi kitu ambacho mtaani kwake hakipo!

Wenye studio watasema wanatoa darasa la bure mara moja kwa wiki. Nawashukuru, lakini darasa hilo mara nyingi hubaki kulekule mbali, na mwalimu wake hujitolea bila malipo, kwa hiyo halidumu. Wale wagonjwa wa Boston walitoka katika hospitali na zahanati za jamii zinazowahudumia wasio na uwezo. Huko ndiko ningeanzia: chumba cha zahanati jioni baada ya zamu, mwalimu wa mtaa huo aliyelipiwa kozi na anayelipwa mshahara, bima ikigharamia kama inavyogharamia fiziotherapia, na chumba cha pili kwa ajili ya watoto.