Dąbrowa ipi? Kwa madereva wapya wa malori Poland

Jana usiku mdogo wetu mmoja kanipigia simu akiwa getini, kwenye mji wa Dąbrowa, lakini siyo Dąbrowa aliyotumwa. Ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka.

1. Dąb ni mwaloni. Dąbrowa ni msitu wa mialoni. Jina limezagaa nchi nzima kama Miembeni na Mikoroshini kwetu. Kwa hiyo shikeni neno la pili. Górnicza, "ya migodini", iko kusini kwenye makaa na chuma. Tarnowska ni jirani wa Tarnów. Białostocka iko mbali kaskazini-mashariki, upande wa Białystok.

2. Kwenye simu utasikia "dombrova". Wakisema "do Dąbrowy" (kwenda Dąbrowa) au "w Dąbrowie" (ndani ya Dąbrowa), mji ni uleule.

3. Postikodi kwanza, jina baadaye: 41-300 Górnicza, 33-200 Tarnowska, 16-200 Białostocka.

Mimi mwaka wa kwanza nilishusha Górnicza wiki mbili mfululizo. Siku hiyo ofisi ikasema tu, "Dąbrowa". Nikapakia Poznań paleti 33 za pamba ya kuzuia baridi ukutani, hati ya mzigo nikaichomeka kwenye kioo bila kuisoma, nikashuka kusini. Alfajiri mlinzi wa geti akaipokea hati, akaweka kidole juu ya 16-200, akanitazama kwa huruma. Zaidi ya kilomita 450 kutoka pale! Takografu, kile kifaa kinachohesabu saa zetu za kuendesha, imebakiza dakika 40. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi: niliiambia ofisi kwamba njia imefungwa kwa ajali. Wakamjibu mteja hivyo, naye akawaweka mafundi wake wakisubiri mzigo ambao usingefika siku ile. Nilipofika kesho yake jioni, fundi mmoja mtu mzima alikuwa peke yake uwanjani. Wenzake walirudishwa bila ujira. Hakunigombeza, alinisaidia kufungua turubai. Mpaka leo nikipita barabara ile namkumbuka.

4. Ukipotea, sema ukweli dakika ileile. Ofisi ikijua mapema inaweza kumtuma mwingine.

5. Dąbrówka ni "kijisitu", nazo ni nyingi vilevile. Uliza wilaya.

Yule wa jana nimemwambia alale, saa zake zimekwisha. Ofisi ameshawaambia. Asubuhi anaondoka, na postikodi ameiandika kwa kalamu nene mbele ya usukani.