Swali la muhogo lililofutwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mtihani wa chuo kikuu unapima uelewa au kumbukumbu, na darasa zima likianguka, wa kulaumiwa ni nani?", nimelisoma nikiwa kaunta, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, nikajikuta nacheka peke yangu. Mimi ni mfamasia katika hospitali moja ya wilaya huku kusini. Baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai, niliisoma mwaka wa kwanza wa chuo, miaka kumi na ushee sasa, na hakuna somo lililotutoa jasho kama lile. Chuo sitakitaja. Baadhi ya walionifundisha wangali wanafundisha, na wengine nawapenda hadi leo.

Ukumbi wetu ulikuwa na viti 200, sisi tulikuwa zaidi ya 300. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, daftari juu ya magoti. Mhadhiri aliingia na slaidi 90 za kumaliza ndani ya saa 2, na alizimaliza kweli. Jumatatu glaikolisisi, yaani jinsi seli inavyoanza kuivunja sukari, hatua 10 na vimeng'enya 10, vile vichocheo vinavyoendesha kila hatua. Jumatano mzunguko wa Krebs, ambapo uvunjaji huo unaendelea, hatua 8. Ijumaa tulikwisha hamia kwenye mafuta, na aliyekuwa bado anahangaika na ya Jumatatu shauri yake. Jioni slaidi zilifika kwenye simu, zikachapwa pale dukani nje ya geti, zikawa desa. Desa na pasti pepa za miaka mitano iliyopita, hiyo ndiyo ilikuwa baiokemia yetu. Kitabu kilikuwepo maktaba, kizito kama tofali, nacho hakikuazimwa nje.

Mtu asinielewe vibaya, sina ugomvi na kukariri. Aliyepita madrasa anajua kwamba mtoto huhifadhi kwanza, tafsiri ikaja baadaye, na hakuna anayemcheka kwa hilo. Asidi amino za kujenga protini ni 20, na huwezi kufikiri kwa kutumia vitu usivyovijua majina, kwa hiyo kaa chini uzikariri. Nilizikariri kwenye daladala, vidole vikihesabu, kondakta akidhani nasoma nyiradi. Ugomvi wangu ni kwamba tafsiri haikuja. Tulihifadhi, tukasomeshwa mbele ya mtihani, tukapewa alama, tukasahau.

Nitoe mfano mmoja ambao bado unaniudhi. Glukosi, ile sukari ya damuni, moja ikichomwa mpaka mwisho ndani ya seli inatoa ATP ngapi, yaani vipande vingapi vya nishati ambavyo seli inaweza kuvitumia? Pasti pepa zilisema 38. Mhadhiri mmoja alisema 38. Mwenzake aliyempokea katikati ya muhula alisema 30 au 32, akapita slaidi inayofuata. Siku ya mtihani swali likaja la kuchagua, majibu yote hayo yamepangwa pale, na ukikosa unakatwa robo alama. Walioandika 38 walikatwa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kisa chenyewe, na kisa chenyewe ndiyo sehemu tamu. Njiani sukari hutoa vibebaji viwili vya nishati, NADH na FADH2, na vitabu vya zamani vilihesabu kila NADH kuwa ATP 3 na kila FADH2 kuwa 2, namba kamili kamili, kana kwamba mwili una karani. Baadaye watu wakapima vizuri zaidi protoni zinazovuka utando wa mitokondria, ile mitambo ya nishati ndani ya seli, wakaona hesabu inakaribia 2.5 na 1.5, na jumla ikashuka. Dakika tano tu za maelezo zingetufundisha kwamba namba ya kitabuni imetokana na vipimo, na vipimo hurudiwa. Sisi tulichojifunza ni kwamba ukitaka salama uliza kwanza nani anatunga.

Kuhusu hiyo robo alama, niwape siri ambayo wanafunzi wengi hawaijui mpaka wanahitimu. Swali lenye majibu matano na adhabu ya robo, ukibahatisha tu bila kujua lolote, kwa wastani hupati wala hupotezi. Ukiweza kufuta jibu moja tu lililo wazi kuwa si sahihi, kubahatisha kunaanza kukulipa. Sisi tuliogopa ile robo kama simba, tukaacha maswali matupu. Mabinti hasa. Wavulana wa safu ya nyuma walijaza yote bila haya, na kwenye matokeo ilionekana.

Kusoma kwenyewe kulifanyika usiku, kwenye discusheni, chini ya taa ya veranda ya hosteli, kwa Kiswahili. Mchana somo lilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho, na wengi wetu tulikuwa tumemaliza shule ya msingi bila kukutana na neno hata moja la lile somo. Palikuwa na dada mmoja kutoka Kigoma, mpole, asiyeuliza swali ukumbini hata siku moja. Usiku alikuwa mwalimu. Ndiye aliyeniambia: glukosi ni noti ya elfu kumi, ukipanda nayo daladala asubuhi konda atakutukana, anataka chenji, basi kazi yote hii ya hatua 10 na hatua 8 ni kutafuta chenji. ATP ni chenji. Nilielewa pale pale, na leo namweleza hivyo hivyo mwanafunzi wa mazoezi anayekuja kwangu. Dada huyo alipata sapu, mtihani wa marudio. Alijua somo kuliko mimi niliyepata B, ila mtihani ulitaka sentensi za slaidi, kwa Kiingereza cha slaidi, ndani ya dakika mbili kwa swali.

Na Krebs mwenyewe? Kwetu alikuwa duara la mishale. Sikujua kuwa alikuwa mtu aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, akafanya kazi yake Sheffield, Uingereza, akisaga misuli ya kifua cha njiwa kwa sababu misuli hiyo hula oksijeni kwa pupa. Aliweka maloneti, kitu kinachoziba kimeng'enya kimoja cha ile njia, akaona kinachorundikana nyuma ya kizuizi, ndivyo alivyoijua barabara ilivyopita. Mwaka 1937 alipeleka barua ya ugunduzi wake kwa jarida la Nature, wakamjibu kwamba wana barua nyingi, hawana nafasi. Nobeli alipewa 1953. Ningeambiwa habari ya njiwa nisingelisahau duara lile mpaka naingia kaburini. Nimeisoma peke yangu, nikiwa na miaka 29.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Muhula wa pili alikuja mhadhiri kijana, ndio kwanza amerudi kutoka masomoni. Alifundisha taratibu, alifuta ubao, aliuliza maswali akasubiri majibu. Tulimwona anatuchelewesha. Kwenye mtihani wa mwisho akatunga swali moja la alama 20, nalikumbuka karibu neno kwa neno. Wakati wa njaa familia mbili zinakula ugali wa muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka. Ya kwanza inakula na dagaa na maharage. Ya pili haina kitoweo. Eleza kwa nini watoto wa familia ya pili wako hatarini zaidi. Kisha eleza kwa nini kuuchanganya unga na maji na kuutandaza mwembamba juani kwa saa 2 kabla ya kupika kunapunguza hatari.

Tulitoka kwenye chumba cha mtihani tumevimba. Muhogo! Slaidi gani ina muhogo? Kesho yake karatasi ikazunguka ya kumlalamikia kwa mkuu wa idara kwamba ametunga nje ya alichofundisha. Nilitia sahihi. Idara ikatusikiliza haraka ajabu, swali likafutwa, alama zake zikagawiwa maswali mengine, tukashangilia. Mwaka uliofuata, nilivyosikia kwa wadogo zetu, mhadhiri yule alirudi kwenye maswali ya kuchagua kama wenzake.

Na kila kitu cha kujibia tulikuwa nacho. Tulifundishwa kwamba sianidi, sumu itokayo kwenye muhogo mchungu, hukaba kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa mitokondria, kwa hiyo oksijeni ipo na seli haiwezi kuitumia. Tulifundishwa kwamba mwili huigeuza sianidi kuwa thayosianeti, ikatoka na mkojo, na kwamba kazi hiyo inahitaji salfa. Tulikariri kwamba methionini na sisteini ndizo asidi amino zenye salfa. Dagaa wanazo. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Kilichobaki ni kuunganisha! Hata nusu ya pili ya swali, bibi yangu ambaye hakuvuka darasa la nne angeipatia alama: muhogo mchungu wa makopa usipouloweka, ukafanya haraka, utaua watu. Asingejua tu kwamba ndani ya muhogo wenyewe mna kimeng'enya ambacho kikipata maji huivunja ile sumu iliyofungwa, sianidi ikatoka na hewa.

Wala halikuwa swali la kubuni. Ugonjwa unaowapata walaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa, na hairudi kama zamani. Daktari Trolli aliuandika huko Kongo mwaka 1938. Kwetu ulipiga Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukapiga Mtwara. Miongoni mwetu tuliotia sahihi walikuwemo watu wa Mtwara.

Kwa hiyo nani alaumiwe? Rahisi kusema wahadhiri, na sehemu yao wanayo. Lakini mhadhiri hupanda cheo kwa makala alizochapisha. Sijasikia aliyepandishwa kwa kutunga swali zuri. Swali la kueleza kwa wanafunzi 300 ni marundo ya mwandiko wa haraka kwa wiki tatu, na la kuchagua linasahihishwa mchana mmoja. Aliyejitolea kufanya la kwanza tukamshitaki sisi wenyewe. Huwa nasoma malalamiko ya wanafunzi kwamba mitihani ni ya kukaririsha, na nakubaliana nayo, ila natamani kila anayelalamika aulizwe alifanya nini siku alipoletewa usiokaririka. Tulikuwa na hofu ya disko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lingekatika, nyumbani wangesemaje. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Ndiyo iliyoshika kalamu siku ile.

Mngeniuliza la kubadilisha, nisingeanza na mtaala. Ningesema mturudishie karatasi za majibu. Kwetu karatasi ya mtihani wa mwisho ukishaikabidhi hukuiona tena. Ulibandikiwa herufi ukutani, B au C, na kosa lako likabaki kabatini mwa idara. Njia ya pentosi, ile inayoilinda chembe nyekundu ya damu, nilikosa swali lake bila kujua kwamba nimekosa, na nilikuja kulijua kosa hilo hapa kazini, mgonjwa aliyeanzishiwa dapsoni, dawa inayoweza kupasua chembe hizo kwa mtu ambaye njia hiyo ni dhaifu, aliporudi macho ya manjano na mkojo rangi ya chai ya rangi. Daktari alisimamisha dawa, akapona, namshukuru Mungu.

Na lile swali la muhogo nililijibu, Mhariri. Kabla ya kutia sahihi ile karatasi nilikuwa nimeandika kurasa mbili na nusu, dagaa nikawataja, salfa nadhani niliitaja pia. Kwa kuwa lilifutwa halikusahihishwa, na mpaka leo sijui nilipatia kiasi gani.

Msomaji wenu,
Masasi