Jibu: Waya wa Wachina na pesa za simu

Waalaikum salaam ndugu. Umeuliza kama uache kutuma pesa kwa simu, maana mwanasiasa kasema kebo ya PEACE, ule waya wa intaneti wa Wachina unaopita chini ya bahari uliotua Mombasa 2022, ni ya kutuchungulia.

Anza na simu yako. Nina kibanda cha pesa za simu Kongowea, hapa Mombasa, na wateja wangu walioibiwa walitaja namba ya siri kwa midomo yao. Hata mimi nilipigiwa na "huduma kwa wateja", nikatoa tarakimu mbili kabla sijashtuka! Kisha kagua programu zenye ruhusa ya kusoma ujumbe wako. Sijui umepakia zipi.

Hofu yenyewe si ya bure. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi Marekani, alifichua kuwa Marekani na Uingereza zinanasa mawasiliano kwenye nyaya kama hizo. Kwa hiyo Marekani ilipoiwekea Huawei, kampuni ya mawasiliano ya China, vikwazo 2019 kwa jina la usalama, nilisikiliza kwa sikio moja: biashara pia imo. Tena PEACE si waya pekee: kebo nyingine ya intaneti ya baharini, TEAMS, ilitua hapa 2009, na serikali yetu ina hisa humo. Huyo mwanasiasa wako aliitaja?