Anza na mlango wa gereza

Mwalimu, umeuliza uanze na swali gani la falsafa kwa wanafunzi wa kidato cha tano ambao ukiwauliza "haki ni nini?" wanainamia madaftari. Hilo liache kwanza. Ni pana mno, hata watu wazima hulikwepa.

Wape Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Athens, mwaka 399 KK, amehukumiwa kunywa sumu kwa kuwapotosha vijana na kutoheshimu miungu ya mji. Rafiki yake Crito anamjia gerezani alfajiri, mipango ya kumtorosha iko tayari. Mzee anagoma: miaka 70 ameishi chini ya sheria hizo, leo zimemgeukia ndiyo azivunje?

Ishie hapo, uwaulize wao wangefanyaje. Usiwaambie kwamba alikuwa sahihi. (Mimi ningetoroka, lakini hilo ningelisema kipindi kikiisha.) Wakikubaliana haraka, watupie Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi mwaka 1955: mbona huyo tunamsifu kwa kuvunja sheria?

Atakayenyoosha mkono wa kwanza usimpigie makofi. Muulize "kwa nini?", kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika darasani unatesa, ila vumilia, usiwajibie.